Joto la Nyumba ya Katikati

Kombi ya Mualla ilipasuka asubuhi ya baridi kali ya kwanza, na kusema kweli aliiua yeye mwenyewe. Kwetu Sivas hakuna asiyeijua kombi, lile sanduku jeupe la gesi linalotundikwa ukutani, moja kwa kila nyumba, likapasha maji ya kuogea na maji yanayozunguka kwenye rejeta, yale mabamba ya chuma yanayotia joto vyumbani. Ya Mualla ilikuwa kwenye roshani ya nyuma. Akitaka kuoga au kuosha vyombo anaichomeka kwenye umeme, akimaliza anaichomoa, eti isimlie umeme bure. Hakujua, au aliambiwa akasahau, kwamba kombi ikiachwa kwenye umeme hujiamsha kidogo yenyewe baridi inapozidi, ili maji ya tumboni mwake yasigande. Basi yaliganda. Alipofungua mlango wa roshani alikuta sakafu yote barafu na sanduku limechanika chini. Akasimama pale na malapa yake akaitukana ile mashine wee, utadhani ndiyo iliyojichomoa.

Mualla alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mshonaji wa mablanketi mazito ya sufu, yale ambayo mabibi harusi wa zamani hawakutoka kwao bila kuwa nayo. Mumewe Rasim, dereva wa malori, alikuwa ameshafariki, na binti yake mmoja, Nilgün, ameolewa Bursa. Aliishi peke yake katika fleti ndogo ya vyumba viwili na sebule, ghorofa ya katikati ya jengo lenye nyumba tatu zilizopandana. Hilo la katikati lishike, maana ndilo lenye kisa.

Juu yake alikaa Hami, mpima ardhi mstaafu, bachela mzee anayewasha gesi mpaka anatembea nyumbani na fulana katikati ya theluji. Chini yake alikaa Vesile. Huyu Vesile alikuwa mjane mwenzake, aliyepika miaka mingi katika jiko la shule, na alihamia jengoni mwaka uleule na Mualla, wote wawili wakiwa mabibi harusi ambao hina haijafutika. Wamezikiana waume, wameleleana watoto kwa zamu, na kila alasiri wanakunywa chai kwa Vesile, kwenye kochi la dirishani. Kwa Vesile siku zote, kwa sababu Vesile magoti yake hayapendi ngazi.

Nyumba ya Vesile ilikuwa na shida yake. Chini ya sakafu kuna ghala lililokuwa la makaa zamani, na sasa halina kitu ila baridi. Toka Oktoba hadi Aprili anafungulia rejeta zote, na bado anakaa na shali mabegani. "Dari langu linakunywa joto," alikuwa akisema. "Nawasha, nawasha, linakunywa tu." Bili ikija anaivalia miwani, anaisoma kwa sauti, anaiweka juu ya meza katikati ya bilauri za chai, wanaitazama wote wawili. Na Mualla anatikisa kichwa na kusema, na mimi vilevile, mwenzangu, gesi hii itatuzika.

Huo ndio uongo wenyewe. Mualla hakuwa anawasha.

Ulianza kidogokidogo, hakuna aliyeupanga. Msimu wa kwanza baada ya Rasim kufa alifunga rejeta ya chumba cha kulala cha Nilgün, kwa kuwa hakuna anayelala humo. Akafunga ya ukumbini. Nyumba haikupoa. Akafunga ya chumbani kwake, akangoja baridi ije, haikuja. Mwisho akaizima mashine kabisa, akawa anaiwasha kwa maji ya kuoga na kuosha vyombo tu, na sebuleni kwake bado mtu angeweza kuketi na gauni la pamba. Wanawake wa mtaani wakamsifu kwa uvumilivu. Yeye akawaambia ni damu, kwao ni Zara milimani, watu wa Zara hawahisi baridi. Alilisema hilo mara nyingi hadi yeye mwenyewe akaanza kuliamini. Ndiyo, mtu anaweza kulijua jambo na papo hapo akajitia hamnazo nalo, na wanaokana hilo wajichunguze. Joto halitoki hewani. Lilipita kwenye dari la Vesile likaingia kwenye zulia la Mualla, miaka nenda miaka rudi, na Mualla akalikalia.

Mwaka huu Vesile alikuwa anaondoka. Mwanawe Orhan anaishi Mersin, ambako watu wanachuma machungwa mwezi ambao sisi tunakoroga chumvi na theluji ngazini. Kila akipiga simu anamkuta mama yake ana kikohozi, ana miguu ya barafu, na safari hii amekata shauri: anakuja Jumamosi ya wiki inayofuata kumchukua, nyumba itauzwa. Vesile hakutaka, lakini alikuwa amechoka. Mualla alipoambiwa alicheka kwanza, halafu akaenda bafuni kwa Vesile akafungulia bomba ili kilio chake kisisikike. Hakuwa na mtu mwingine. Nilgün ni wa kwenye simu. Vesile akiondoka, Mualla hana wa kumwambia kwamba leo sindano imemchoma.

Basi alimpigania kwa kila njia. Alimshonea blanketi jipya la sufu la pande mbili. Alimpachikia mipira kwenye nyufa za madirisha, akamtandikia zulia juu ya zulia, akamfungia magoti kwa kitambaa cha manyoya ya mbuzi. Alimpa kila kitu chenye joto alichokuwa nacho, isipokuwa kuwasha kombi yake.

Na sasa kombi ikawa imekufa, na lazima achague nyingine.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Nilgün alisema kwa simu anunue kubwa, hizi ndogo zinatia aibu mgeni akioga. Hami alishuka na fulana yake akaisifu yake mwenyewe, kwamba ina nguvu kiasi kwamba wewe unaoga na mtu mwingine anaosha vyombo, na maji hayapoi. Mualla akamuuliza huyo mtu mwingine ni nani, na atakuja lini, maana vyombo vipo. Hami akacheka akapanda zake.

Akaenda dukani kwa Turgay, fundi na muuzaji wa mtaa wetu, mwenye nywele za mafuta na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Ukutani kulikuwa na masanduku meupe yaliyofanana yote, na bei hazikufanana hata moja. Turgay akamuuliza nyumba ina ukubwa gani, madirisha ni ya kioo kimoja au viwili, na iko ghorofa ipi. Aliposikia ni ya katikati, akaweka kalamu chini.

"Mama, una bahati yako," alisema. "Wa katikati hawanunui kombi, wananunua birika. Wa chini anakutandikia, wa juu anakufunika, wewe ni kulala tu."

Waliokuwemo dukani wakacheka, na Mualla akacheka nao. Turgay akaendelea kumpa siri za biashara: kwa mtu wa peke yake, wa katikati, asipoteze hela. Achukue hita ndogo ya gesi ya maji ya bafuni, basi. Rejeta aziache ukutani kama pambo. Wengi wanafanya hivyo, alisema, nusu ya mji huu inaota moto wa nusu nyingine. Mualla akamwambia atafikiri. Lakini alikuwa ameshafikiri, na hita ndogo ilikuwa imeshampendeza, kwa bei na kwa umbo.

Njiani kurudi ndipo kicheko kilipomwishia. Alipita kwenye theluji akiwa na makaratasi ya Turgay kwapani, na lile neno la kutandikiwa likawa linatembea naye. Mpaka siku hiyo hakuwahi kulisikia likisemwa na mdomo wa mtu. Alijiambia kuwa Vesile angewasha vilevile, awepo Mualla au asiwepo. Alijiambia kuwa sakafu ya Vesile ndiyo mbovu, ghala lile ndilo adui. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakumsaidia. Kama dari la Vesile lingekuwa na joto juu yake, badala ya nyumba isiyowashwa, je, angekuwa na kikohozi kile? Alipofika nyumbani aliweka makaratasi mezani akaendelea na kushona, akaamua kesho atampigia Turgay amletee hita ndogo.

Vesile naye, huko chini, alikuwa hana raha. Alisikia kombi ya mwenzake imekufa na nje maji yanaganda kwenye ndoo. Alimwita ashuke alale kwake, Mualla akakataa. Alimwita tena. Mualla akasema yuko sawa, damu ya Zara. Siku ya nne Vesile akachoka kubembeleza. Akatoa hita yake ya umeme, ile ya waya mbili nyekundu anayoiweka miguuni akiswali, akaibeba kwa mikono miwili, akapanda ngazi kwa yale magoti, na shali juu ya koti juu ya sweta. Alifika mlangoni anahema. Akavua viatu, akaingia na soksi.

Akasimama juu ya zulia. Mualla alikuwa ameketi chini katikati ya sufu, mikono wazi hadi kwenye viwiko, na alipouona uso wa Vesile sindano ikamsimama mkononi.

Vesile hakuketi. Aliiweka hita chini. Akaenda kwenye rejeta ya dirishani akaigusa kwa kiganja. Akagusa ukuta. Halafu akavua shali, akavua na koti, akabaki navyo mkononi.

"Nyumba yako ina joto, Mualla."

"Kidogo."

"Kombi imekufa tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na kabla ya Jumatatu?"

Mualla akajivutia sufu mapajani. Vesile aliinama, akakishika kifungulio cha rejeta akijaribu kukizungusha. Hakikuzunguka. Kilikuwa kimeshikana kwa kutu, kimefungwa kabisa. Alikiangalia kidogo, kisha akavaa koti, akajitanda shali, akaibeba hita yake akatoka nayo. Mualla alimsikia anashuka ngazi moja moja, na waya wa hita unaburuzika nyuma yake. Hakuthubutu kwenda kumsaidia kubeba.

Alasiri hiyo hakukuwa na chai. Wala iliyofuata.

Mimi nimeona watu wakigombana kwa kuta, kwa maegesho ya gari, kwa zulia lililopigwa vumbi juu ya nguo za mwenzio. Ugomvi wa namna hiyo una makelele, na makelele yana mwisho. Huu haukuwa na sauti. Mualla aliketi na sufu yake na kwa mara ya kwanza akalihisi lile joto kwenye nyayo, kweli kweli, akijua linatoka kwa nani. Lilimkera. Alivaa malapa ili asiliguse. Aliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo ni mbaya kuliko ya mtoto kwa sababu hakuna wa kumchapa yakaisha.

Kesho yake alienda kwa Turgay kwa miguu, hakutaka kulisema hilo kwenye simu. Turgay alikuwa ameshamwekea kando ile hita ndogo aliyoiagiza kwa simu, imefungwa kwa kamba. Mualla akamwambia airudishe. Alitaka kombi, tena kombi nzima, ya vyumba vyote. Na haitatundikwa roshani tena ikagande. Itatundikwa jikoni, bomba la moshi litoke ukutani. Kabati la sahani za harusi lihamie ukumbini.

"Mama, nilikueleza," Turgay alisema. "Wewe ni wa katikati. Nikikupigia hesabu ya jirani wa chini na jirani wa juu..."

"Usiwapigie hesabu. Pima nyumba yangu kama ya mtu asiye na jirani."

Turgay alimtazama, akaona si siku ya mzaha, akachukua kalamu. Hawakuchukua kubwa ya Hami wala ndogo ya birika. Walichukua ya kati, inayoweza kushusha moto wake chini sana na kukaa hivyohivyo mchana kutwa bila kuzimika na kuwaka tena na tena, maana Mualla aliuliza vizuri safari hii, na alipotaka kuuliza alijua kuuliza. Kombi ikaja, ikatundikwa. Vifungulio vya rejeta vilifunguliwa kwa koleo, kimoja kikavunjika kikabadilishwa. Maji yakaingia kwenye mabomba yaliyosahau kazi, yakapiga kelele za tumbo la njaa nyumba nzima, halafu yakatulia. Mualla akapita chumba kwa chumba anagusa rejeta. Zote zilikuwa moto, hata ile ya chumba cha Nilgün, ambamo hakuna anayelala.

Nyumba ikawa na joto la kupindukia. Mualla alishona sufu huku jasho linamtiririka, akipunguza kidogo, akisita, akiogopa kupunguza. Hami alishuka kuuliza kuna nini huko, kwa sababu yeye amefunga rejeta mbili na bado anapumua kwa shida. Mualla akamjibu azoee. Kutoka chini hakukuja neno. Aliwahi kumsikia Vesile akiongea na simu kwa sauti ya kawaida, aliwahi kusikia kabati likifunguliwa na kufungwa, na kila kabati lilipofungwa alidhani ni nguo zinaingia kwenye sanduku. Jumamosi ilikuwa inakaribia.

Ijumaa akashuka. Alikuwa amekanda unga na kuoka mikate ya jibini, kwa kuwa kwetu hapa huendi kwa jirani mikono mitupu, hata ukienda kuazima chumvi unabeba kitu. Alifika nayo hadi mlangoni pake mwenyewe akairudisha jikoni. Ingeonekana ni malipo. Akashuka mikono mitupu, na nadhani hilo ndilo lililomwia zito kuliko yote.

Vesile alifungua. Hakuwa na shali.

"Ingia, unaniingizia baridi," alisema.

Mualla akaingia, lakini hakuketi. Alisimama katikati ya sebule aliyoizoea kuliko yake akasema aliyokuja kuyasema, kwa pupa, kabla ujasiri haujamwishia. Kwamba tangu Rasim afe hakuwasha. Kwamba alikuwa anaota moto wa Vesile, na kwamba alijua, asidanganye tena, alijua. Kwamba kikohozi kile labda ni yeye. Kwamba sasa anawasha na ataendelea kuwasha, hata Vesile akiondoka, hata kama chini atakaa paka.

Vesile alimwacha amalize. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Joto ningekupa," alisema. "Ungekuja ukaniambia, Vesile, nimebaki peke yangu, siwezi. Ningekupa joto na supu juu yake, na nisingemwambia mtu. Lakini ulikuwa unaketi pale, kwenye kochi lile, unaishika bili yangu mkononi unaniambia na wewe inakuzika. Nami nilikuwa nafarijika, unajua? Nilikuwa nasema, haya, angalau tuko wawili." Akakiweka kitambaa mezani. "Kumbe nilikuwa peke yangu."

Mualla akalia. Safari hii hakuna bomba lililofunguliwa. Vesile hakumkumbatia, ila hakumwangalia pia, na kwa Vesile hiyo ilikuwa huruma. Mualla alipojifuta aliuliza, kwa sauti ya chini, Orhan anafika saa ngapi kesho.

"Haji. Nilimpigia juzi."

"Juzi?"

"Nilimwambia dari limeacha kunywa. Nakaa mpaka theluji iishe, halafu tutaona."

"Na hukuniambia? Siku zote hizi nakufa huko juu."

"Nilikusikia," Vesile alisema. "Nikasema acha awake kidogo."

Alienda jikoni akarudi na birika na bilauri mbili. Akaketi upande wake wa kochi, akamimina, akasukuma bilauri moja kuelekea upande wa Mualla.

"Keti," alisema. "Ila habari za gesi usiniletee tena."

Mualla akaketi. Alikoroga chai yake polepole, akatafuta la kusema, akalikosa. Kwa miaka yote ile, karibu kila walilozungumza lilikuwa gesi. Vesile aliliona hilo, na hakumsaidia. Alikunywa chai yake, akangoja.